Nani Atamjibia Mkristo? Historia ya Jumuiya Ndogo Ndogo Katika Kanisa la Afrika Mashariki

Katika parokia nyingi za Kanisa Katoliki nchini Tanzania na Kenya, mwamini anayetaka mtoto wake abatizwe, au anayeomba kufunga ndoa, haanzii katika ofisi ya paroko. Huanzia kwa mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya mahali anapoishi, yaani kundi la familia chache zinazopakana, ambazo hukutana kila wiki katika nyumba ya mmoja wao ili kusali, kulitafakari Neno la Mungu, na kupanga nani atamtazama mgonjwa na mchango wa msiba utakusanywaje. Utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba waamini wengi waliozaliwa miaka ya karibuni hudhani ulikuja pamoja na wamisionari wa kwanza, ilhali uamuzi rasmi uliouweka una umri wa nusu karne tu. Kilicho cha zamani ni swali lililo nyuma yake: Mkristo anapodai kuwa Mkristo, ni nani anayemjibia, yaani nani aliye tayari kusimama na kusema kwamba anamfahamu, anajua anavyoishi, na atakuwapo siku ya kumzika? Swali hilo limejibiwa kwa namna tofauti tangu karne ya 19, na historia ya ushirika wa Kikristo katika ukanda huu inaweza kusomwa vizuri zaidi kwa kufuata majibu hayo kuliko kwa kuhesabu makanisa yaliyojengwa.

Jibu la kwanza lilikuwa mmisionari mwenyewe. Vijiji vya Kikristo vya pwani, kama kile cha Bagamoyo kilichoanzishwa na Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, na kile cha Frere Town karibu na Mombasa kilichoanzishwa na Waanglikana wa Church Missionary Society katikati ya miaka ya 1870, vilijengwa hasa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, watu walionyang'anywa ukoo, lugha ya mama na makaburi ya wazee wao kwa pamoja. Kwa mtu wa namna hiyo kuingia katika Kanisa hakukuwa suala la imani peke yake, kwa kuwa ndiyo njia iliyobaki ya kupata tena watu wa kumwita kwa jina, wa kumwozesha na wa kumlilia. Hata hivyo aliyegawa shamba na nyumba, aliyepanga saa za kazi na za sala, aliyeridhia ndoa na aliyeweza kumfukuza mkosaji alikuwa padre au mchungaji. Ushirika ulikuwapo, tena wa kweli, ila ulitazama juu, kwa mkuu wa misheni, zaidi ya ulivyotazama pembeni, kwa jirani.

Buganda ilitoa jibu tofauti kabisa, na ilitoa kwa sababu ya kulazimika. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadre Weupe kutokana na kanzu zao, walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879, lakini mwishoni mwa mwaka 1882 hali ya siasa ikulu iliwatia hofu, wakaondoka kwenda kusini mwa Ziwa Viktoria, na hawakurudi hadi Julai 1885, baada ya Mutesa kufariki na mwanawe Mwanga kushika ufalme. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili na nusu waongofu wachache, wengi wao wakiwa bado wakatekumeni, yaani watu wanaofundishwa kabla ya ubatizo, walibaki bila padre, bila misa na bila mtu wa kuwaamulia jambo. Walikutana majumbani. Ikulu walikusanyika kumzunguka Yosefu Mukasa Balikuddembe. Kwingine Andrea Kaggwa, kiongozi wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha watu wa nyumba yake na majirani. Na huko Mityana, mbali na mji mkuu, Matia Kalemba Mulumba pamoja na Luka Baanabakintu na Nowa Mawaggali walijenga kundi la waamini lililojifunza, likaombea wagonjwa na kuwabatiza waliokuwa wakifa. Mapadre waliporudi walikuta idadi imeongezeka. Wote watano waliotajwa hapa waliuawa kati ya Novemba 1885 na katikati ya mwaka 1886, na leo wanaheshimiwa kama watakatifu mashahidi. Lakini mwanahistoria wa ushirika wa Kikristo ana sababu ya kutazama miaka ile ya kimya kabla ya mateso kuliko mateso yenyewe. Hapo ndipo ilipoonekana kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika Mashariki kwamba Wakristo wanaweza kujibiana wao kwa wao, na kwamba imani iliyolelewa nyumbani haikuzimika padre alipoondoka.

Funzo hilo halikuchukuliwa na waliokuja baadaye. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Kanisa lilipanuka kwa kasi kupitia shule na vigango, yaani vituo vidogo vilivyoko mbali na makao ya parokia, ambavyo viliongozwa na katekista na kutembelewa na padre mara chache kwa mwaka. Katekista ndiye aliyekuwa uti wa mgongo wa mfumo huo, na kazi yake haijapewa heshima inayostahili katika vitabu vingi, lakini mfumo wenyewe uliwafanya waamini kuwa majina katika daftari la ubatizo. Mtu alikuwa Mkristo kwa sababu jina lake liliandikwa. Alipohama kufuata kazi ya mkonge Tanga au ya reli Nairobi, jina lilibaki nyuma na yeye akatoweka.

Walikuwapo waliouona upungufu huo mapema. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuhudumu kwa muda mrefu Old Moshi hadi mwaka 1938, alishikilia kwamba usharika, neno ambalo Walutheri wa Tanzania hulitumia kwa kanisa la mahali, haupaswi kujengwa juu ya mtu mmoja mmoja aliyeng'olewa kwa watu wake, bali juu ya vifungo ambavyo Wachagga walikuwa navyo tayari, yaani ukoo, ujirani na rika. Vijana waliopata kipaimara walifungamanishwa wawili wawili na katika vikundi vidogo kwa kufuata desturi ya zamani ya wenzi wa ngao, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake. Gutmann amelaumiwa, na lawama hiyo ina msingi, kwamba alipenda mila kuliko alivyowapenda Wachagga waliotaka shule, kahawa na fedha, na kwamba aliugandisha ukoo wakati ukoo wenyewe ulikuwa ukibadilika. Lakini swali lake lilikuwa sahihi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza vizuri kuliko yeye.

Jibu jingine halikutoka kwa mmisionari peke yake wala kwa mila. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho lililoanza miongoni mwa Waanglikana wa Rwanda na Uganda kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na miaka ya 1930, likiwa na kitovu chake Gahini na majina ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church katika chimbuko lake, lilienea Kenya, na Tanganyika likawafikia pia Walutheri wa Bukoba. Walokole, kama walivyoitwa, yaani waliookoka, walikutana kila juma katika ushirika wa ndugu, ambamo mtu aliungama hadharani, aliombewa, na kuanzia hapo alihesabiwa ndugu hata na watu wa kabila lisilo lake. Ndugu hao walisaidiana katika ndoa, katika masomo ya watoto na katika msiba, na walipohama walipokelewa na ndugu wa mji mpya kwa ushuhuda wao peke yake. Katika miaka ya Mau Mau nchini Kenya wapo miongoni mwao waliokataa kula kiapo hata kwa gharama ya maisha yao. Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Kilutheri huko Bukoba na baadaye Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia kuanzia mwaka 1977, alichunguza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu, akionyesha jinsi ushirika wa Kikristo unavyogombana na ukoo wa Kihaya na wakati huohuo kuurithi. Udhaifu wa uamsho ulikuwa katika nguvu yake: aliyejibiwa ni yule tu aliyeokoka kwa namna iliyotambuliwa na ndugu, na majirani wengine, ingawa walikaa benchi moja naye kanisani, walibaki nje.

Upande wa Wakatoliki msukumo ulitoka pande mbili ambazo mwanzoni hazikujuana. Upande mmoja ulikuwa Congo, ambako maaskofu waliokutana mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, walichagua kujenga kile walichokiita jumuiya hai za Kikristo badala ya kutegemea misheni kubwa zenye shule na hospitali. Na Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa baadaye alikwenda mbali zaidi kwa kuwakabidhi walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, uongozi wa parokia nzima. Upande mwingine ulikuwa mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Huko, miongoni mwa Waluo wa Mara Kaskazini, mapadre wa Maryknoll walikabiliwa na ukweli usiopendeza kwamba waamini wao walikuwa wakihamia makanisa huru, yaani makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika nje ya mamlaka ya wamisionari, kama vile Legio Maria iliyojitenga na Kanisa Katoliki katika nchi ya Waluo wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uchunguzi wa mwanasosholojia Marie-France Perrin Jassy ulionyesha kwamba kilichowavuta watu huko si mafundisho mapya tu, bali makundi madogo ambamo kila mtu alijulikana, aliombewa akiugua, na alikuwa na kazi ya kufanya. Kuanzia mwaka 1966 parokia ya Nyarombo ikajaribu kuunda makundi ya aina hiyo ndani ya Kanisa Katoliki, yakiitwa kwa neno la kawaida kabisa, chama.

Jaribio la Nyarombo lilikuta mlango umeshafunguliwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ulikuwa umelieleza Kanisa kama taifa la Mungu, ambamo walei si wapokeaji tu wa huduma za mapadre. AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 1961 kwa jina jingine, ulikutana Nairobi mwaka 1973 kupanga mwelekeo wa miaka ya 1980, ukakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya za chini. Na ulipokutana tena Nairobi mwaka 1976 ulitamka kwamba kuziunda jumuiya hizo kwa mpango ndiyo kazi ya kichungaji itakayotangulizwa mbele ya nyingine zote. Mkutano wa Zomba, Malawi, mwaka 1979 ulikuja kupima kilichofanyika.

Kwa nini, kati ya nchi za AMECEA, Tanzania ilitangulia? Maaskofu wenyewe wamependa kuonyesha kwamba jambo hili lilitoka katika Maandiko, hasa katika picha ya Wakristo wa kwanza wanaosimuliwa katika Matendo ya Mitume, na hakuna sababu ya kuwakatalia. Lakini ardhi ilikuwa imeshalimwa na siasa. TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilikuwa imeigawa Bara nzima katika mashina ya nyumba kumi kumi, kila moja likiwa na mjumbe aliyejua nani amehamia, nani ana mgeni na nani hajaonekana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limefanya ujamaa kuwa lugha ya kila siku ya taifa, na mwaka 1970 Julius Nyerere, Mkatoliki mwenyewe, aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisilopigana dhidi ya umaskini wa watu litapoteza maana yake. Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge kuanzia mwaka 1969, alilichukua jambo hili kwa uzito kuliko wote: alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akalima pamoja na wanakijiji, na kufundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kukisiwa bali ni mfano wa maisha ya kushirikiana kila kitu. Wengi walimwona mwota ndoto, na vijiji vya ujamaa, hasa vile ambavyo watu walihamishiwa kwa nguvu katika miaka ya 1970, havikumtetea. Hata hivyo mwamini wa kawaida hakuhitaji teolojia ya Mwoleka ili kuielewa jumuiya. Alikuwa tayari na mjumbe, mwenyekiti, katibu na daftari, na alichoombwa ni kuviingiza vyombo hivyo katika sala.

Malawi inathibitisha jambo hilo kwa kinyume chake. Huko askofu Patrick Kalilombe wa Lilongwe, mmoja wa wanafikra wakubwa wa jumuiya ndogo katika AMECEA, aliwahimiza waamini wake kukutana katika makundi madogo, na utawala wa Hastings Banda, ambao haukuvumilia mkutano wowote usio wa chama tawala, ukaona hatari pale Tanzania ilipoona msaada. Mwaka 1976, mwaka uleule wa azimio la Nairobi, Kalilombe alilazimika kuiacha nchi yake.

Maaskofu walikuwa na matumaini mawili makubwa: kwamba jumuiya zitakuwa mahali pa kuyasoma Maandiko, na kwamba kutokana na kusoma huko zitainuka dhidi ya udhalimu katika jamii. La kwanza lilitimia kwa kiasi, likisaidiwa na njia ya hatua saba iliyotengenezwa katika Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambayo humwongoza mtu asiye na elimu ya Biblia kusoma andiko, kurudia neno lililomgusa, kukaa kimya, kisha kusema na wenzake. La pili limetimia kwa nadra, ingawa maaskofu wa Kenya hutoa kila mwaka maandishi ya kampeni ya Kwaresima kuhusu mambo ya haki, rushwa au amani ili yajadiliwe katika jumuiya. Kilichostawi bila kuhimizwa sana ni kitu cha tatu, ambacho nyaraka za miaka ya 1970 hazikukipa nafasi ya mbele, nacho ni msiba.

Mtu anapofariki, jumuiya ndiyo hufika kwanza. Ndiyo hupika, hulala na wafiwa, hukusanya rambirambi, huongoza sala za usiku na kusoma risala kaburini. Katika miji kama Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kuishi miaka mingi mbali na ukoo wake, hili ni jambo zito, kwani mwenye jumuiya ana uhakika wa kuzikwa na watu wanaomjua. Wachungaji wengine hulalamika kwamba jumuiya imekuwa chama cha kufa na kuzikana, mfano wa vyama vya kusaidiana vilivyojaa mijini tangu enzi ya ukoloni. Lawama hiyo inasahau ni kitu gani waliokombolewa wa Bagamoyo walikitafuta, na ni kitu gani Waluo wa Mara walikikuta katika makanisa huru. Katika kuzikana ndipo watu wa ukanda huu wamepima siku zote kama mtu ni wao au si wao. Walutheri wa Tanzania, ambao pia katika sharika nyingi wana jumuiya zinazokutana nyumba kwa nyumba, wanalijua hili vilevile.

Mzigo wa kazi hii hubebwa na wanawake. Katika jumuiya nyingi wao ndio wengi wanaohudhuria sala, ndio wanaowatembelea wagonjwa na ndio wanaopika msibani, wakati wanaume hujitokeza kwa wingi siku ya uchaguzi wa viongozi na siku ya mazishi.

Kutokana na uwezo wa jumuiya wa kumjua mtu ndipo ilipozaliwa barua ya jumuiya, ile ambayo mwamini humpelekea paroko anapoomba ubatizo au ndoa. Paroko mwenye maelfu ya waamini hawezi kujua kama mwombaji wa ndoa ana mke mwingine kijijini, au kama mzazi wa mtoto anayebatizwa anasali, lakini majirani wanajua. Barua ni ushuhuda wao, na kwa maana hiyo ni tunda halali la mfumo wote. Lakini ushuhuda ukiwekwa mhuri hugeuka kuwa kibali. Kuna parokia ambamo hatima ya mtu, hata katika mazishi, hutegemea mahudhurio na michango iliyoandikwa katika daftari, na muuguzi wa zamu, mlinzi wa usiku au mfanyakazi wa nyumbani asiyepata nafasi siku ya sala ya jumuiya huonekana mzembe kwa kosa ambalo si lake. Mfumo uliobuniwa ili hata maskini ajulikane unaweza kumfanya maskini kuwa wa kwanza kusahaulika.

Jaribu kubwa kuliko yote lilitokea Rwanda. Tarehe 10 Aprili 1994 sinodi ya maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa mjini Roma, na ilikuwa ikielekea kulitaja Kanisa la Afrika kuwa Familia ya Mungu, huku jumuiya hai zikihesabiwa kuwa msingi wake, wazo ambalo Papa Yohane Paulo II alilithibitisha katika waraka aliousaini Yaoundé Septemba 1995. Maaskofu wa Rwanda hawakuweza kufika, kwa kuwa siku tatu kabla ya ufunguzi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza. Rwanda nayo ilikuwa na jumuiya zake, zinazoitwa imiryango-remezo, na ilikuwa miongoni mwa nchi zenye Wakristo wengi zaidi barani kwa kulinganisha na idadi ya watu. Katika makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye watu waliokimbilia hifadhi waliuawa, mara nyingi na watu waliosali nao. Wapo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao, lakini haikubaliki kwa mwanahistoria kuwafanya hao kuwa kanuni. Rwanda ilionyesha kwamba kumjua jirani kwa jina, nyumba na wazazi, jambo ambalo ndilo nguvu ya jumuiya, halimlindi jirani huyo iwapo kuna utii mwingine unaotangulia ule wa imani. Katika miaka iliyofuata Kanisa la Rwanda liliitisha sinodi kuhusu ukabila, na katika baadhi ya parokia wauaji waliotubu walitakiwa kusimama mbele ya jumuiya zao na mbele ya familia walizozikosea kabla ya kurudi katika Ekaristi. Hapo swali la nani anamjibia nani liliulizwa upya, na safari hii aliyejibu alikuwa mfiwa.

Katika miji ya leo jumuiya inakabiliwa na tatizo ambalo maaskofu wa mwaka 1976, waliofikiria zaidi kijiji, hawakulitarajia: ujirani wenyewe umelegea. Wakazi wa maghorofa hawajuani, wapangaji huhama baada ya miezi michache, na wanafunzi wa vyuo huwa na jumuiya zinazobadilika kila mwaka. Nchini Kenya, makanisa yalipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko, baadhi ya jumuiya ziliendelea kusali kwa simu, na katika makundi hayo waliingia watu waliohama zamani, wakiwamo wanaofanya kazi Ghuba na Ulaya, waliotaka kusali na watu wa nyumbani. Paroko anayepokea leo barua inayosema kwamba fulani ni mwanajumuiya hai analazimika kuuliza kama majirani walioisaini wamewahi kuiona nyumba yake, na katika parokia nyingi swali hilo bado linaamuliwa kwa busara ya mwenyekiti wa jumuiya.